Hifadhidata yenye kukataa: miezi 18 na PostgreSQL na QGIS kwenye mashimo ya Unguja

Nianze na aibu yangu. Ofisini kwetu, kampuni ndogo ya kuchimba visima hapa Unguja, kila kisima hupewa herufi 3 za mahali kilipo na namba. Cha 4 cha Jang'ombe kikawa JAN-4, cha 3 cha Marumbi kikawa MAR-3. Mwenye kuingiza alikuwa mimi, kwenye Excel, bila ya kuipanga ile safu iwe ya maandishi. Excel ikaisoma JAN-4 kuwa ni tarehe 4 Januari, na nilipolihamishia faili kwenye programu nyingine kisima cha watu kikatokea kinaitwa 44565. Ndiyo namba ambayo Excel huiwekea tarehe 4 Januari 2022. Cha Marumbi nacho kikawa cha mwezi wa tatu. Bosi akaniuliza, "Hiki kisima 44565 kiko shehia gani?" Sikuwa na la kumjibu.

Nilipata nafuu kidogo baadaye nilipojua kwamba hata wataalamu wa vinasaba yaliwafika. Mwaka 2020 walibadilisha rasmi majina ya jeni kadhaa yaliyokuwa yakigeuka Machi na Septemba kwenye majedwali. Lakini wao walibadilisha majina. Mie nikabadilisha chombo, na ndicho ninachotaka kukielezea, kwa sababu naona vijana wengi wa visima, wa udongo wa misingi ya majengo na hata wa machimbo ya mawe wangali palepale nilipokuwa.

Kwanza nilikotoka. Kabla ya kurudi nyumbani nilikaa miaka 4 bara, Kanda ya Ziwa, kwenye kambi ya utafiti wa dhahabu, kazi yangu ikiwa ni data za mashimo. Huko shimo moja halikai kwenye karatasi moja. Lina kola, yaani mdomo wa shimo: mahali lilipo, mwinuko wake na urefu wake wote. Lina savei: kila baada ya mita kadhaa kifaa hushushwa kupima shimo limeelekea wapi na limelala kiasi gani, maana shimo refu halinyooki, hupinda kama mnazi wa pwani. Lina litholojia, mwamba gani kutoka mita fulani hadi fulani. Na lina aseyi, majibu ya maabara kwa kila sampo. Mafungu yote 4 yameshikana kwa jina la shimo. Jina likikosewa herufi moja, dhahabu ya shimo hili inahamia kwa jirani.

Nakumbuka siku mwenzangu mmoja alipoingiza mlalo wa 60 badala ya -60. Alama moja tu ya kutoa. Kwenye picha ya kompyuta mashimo yote yameshuka chini kama mizizi, moja limepaa angani kama fataki za Idi. Tulicheka, lakini mkubwa wetu hakucheka. Alitusimulia habari ya Busang, Indonesia, ambako mwaka 1997 iligundulika kwamba sampo za kampuni ya Bre-X zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa makusudi. Mabilioni ya dola ya watu yakayeyuka. Baada ya hapo Kanada ikaweka kanuni kali za namna ya kutangaza akiba ya madini. Australia nayo, kwenye mwongozo wake wa JORC, mwenye kutangaza hutakiwa kueleza data zake zimehifadhiwaje na zimehakikiwaje. Ndiyo maana kwenye kila sampo 20 hivi kambini tulikuwa tunachomeka sampo tupu, au ya kiwango kinachojulikana, tukiiotea maabara.

Mifumo yenye jina kwa kazi hii ni kama acQuire na DataShed, yote asili yake Perth, Australia. Ni mizuri, sisemi. Inapokea majibu ya maabara moja kwa moja, inakuchorea grafu za sampo za kiwango, inakumbuka nani kabadilisha nini na lini. Ila imekatwa kwa kiwiliwili cha mgodi. Sisi tuna mitambo 2, pikapu 1 na kompyuta ambayo feni yake inalia kama mashine ya kusaga.

Kwa hiyo nikachukua PostgreSQL ya kuhifadhia, PostGIS ya kuielewesha ramani, na QGIS ya kutazamia. Zote za bure, na si bure ya majaribio ya siku 30. PostgreSQL imeanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980, kwa hiyo si kitu cha kujaribiwa kwetu. Kuziweka kwenye kompyuta kulinichukua mchana mmoja. Kuzipanga kulinichukua wiki 3 za usiku, na hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Maana uzuri wa chombo hiki haumo katika kuhifadhi. Kuhifadhi hata daftari linahifadhi. Uzuri wake ni kwamba unaifundisha mara moja mambo ya kukataa, basi inakataa milele, haina muhali. Nimeiambia: jina la kisima halijirudii. Kipande cha mwamba hakianzi chini kikaishia juu. Hakuna kipande kinachovuka urefu wa shimo. Huwezi kuingiza maji ya kisima ambacho hakijaandikishwa. Na niliyoipenda zaidi, vipande viwili vya shimo moja visipandane: ukisema udongo wa kinongo kutoka mita 0 hadi 3, huwezi kusema tena jiwe kutoka mita 2 hadi 6. Inajua pia kwamba 0 hadi 3 na 3 hadi 6 vinagusana tu, havipandani. Kwenye Excel hiyo 3-6 ingeshakuwa tarehe.

Siku ya kumimina data za zamani ndiyo niliyoogopa. Visima 212. Vilivyopita bila ya kelele ni 131. Vilivyobaki vilikataliwa, na kila kimoja kilikuwa na sababu ya haki. Viwili vilikuwa na jina moja. Kimoja cha Donge kilikuwa na mita 48 za urefu na bomba lenye matundu lililowekwa mita 52. Miezi 2 nikawa naenda kwa dirila wetu mkuu, yaani fundi wa kuchimba, na daftari zake zenye madoa ya grisi.

"Mwanangu," akaniambia siku moja, "hiyo kompyuta yako ina ubishi."

"Ndiyo, ami. Lakini hili la Donge nani kakosea, sisi au yeye?"

Akavaa miwani, akapekua. "Mita 58. Tano yangu na mkia wake ukaifanya nne." Basi kikapita.

Jambo la lugha ya mawe lilinipa raha. Daftarini mna kinongo, kichanga, mchangatuwe, maweni, jiwe la tumbawe, na mwengine kaandika tu "gumu". Sikumlazimisha mtu aandike majina ya vitabuni. Nilifanya jedwali dogo la misamiati: neno la fundi upande huu, jina la kijiolojia upande wa pili. Fundi anachagua kwenye simu kupitia QField, ambayo inafanya kazi bila ya intaneti, na jioni tunaunganisha na waya. Neno lisilokuwemo halipiti mpaka nilikubali mimi. "Gumu" nimelikataa.

Halafu Nungwi. Kisima kimoja cha zamani kwenye ramani kilikaa baharini, mbele ya ufukwe, pale wanapooga watalii. Nilidhani ni namba iliyokosewa kuandikwa. Kumbe namba ni sahihi, tatizo ni asili ya vipimo, yaani mfumo ambao namba za ramani zinahesabiwa kutoka kwake. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya Arc 1960, GPS za leo zinatoa WGS 84, na ukiisoma namba ya Arc 1960 kama ya WGS 84 hapa kwetu, mahali panasogea karibu mita 300 upande wa kaskazini. Katikati ya kisiwa, huko Dunga, usingegundua. Shamba hili na lile vinafanana. Nungwi ni ncha ya kisiwa, kaskazini yake ni maji matupu. PostGIS inamaliza jambo hili kwa amri moja, kutoka 21037 (namba ya mfumo wa Arc 1960) kwenda 32737 (ya WGS 84), almuradi umejua kipi kilipimwa kwa kipi. Sasa hakuna kola inayoingia kwangu bila ya kutajwa asili ya kipimo chake.

Mwinuko ndio uliobaki kunisumbua, na kwa maji ya kisiwani mwinuko ndio roho. Maji yetu matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kadirio la kawaida, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na kama mita 40 chini yake. Sasa GPS ya mkononi inakosea mwinuko kwa mita kadhaa. Ukikosea mita 2, umekosea mita 80 za maji ambayo hayapo, na mteja anapiga pampu mpaka chumvi inapanda. Hifadhidata haiwezi kunipimia mwinuko, ila nimeilazimisha iulize umepimwa kwa chombo gani, na visima vya GPS ya mkononi naviona kwa rangi nyekundu. Ni vingi. Bosi haipendi ramani ile.

Ubaya wake sasa. Lazima mtu mmoja ofisini ajue SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Si nyingi, lakini hakuna kitufe cha kukwepea. Ujumbe wa kukataa kwetu unakuja kwa Kiingereza cha kifundi, dirila anaona maandishi mekundu anadhani kaivunja kompyuta. Mashimo ya mlalo, yale ya madini, QGIS yenyewe haikuchorei mpaka uongeze programu-jalizi, na nilizojaribu hazifikii picha tulizokuwa nazo kambini. Visima vya maji vinashuka wima, kwa hiyo mie hainiumi. Anayetafuta dhahabu itamuuma. Grafu za sampo za kiwango nazo utajichorea mwenyewe.

Umeme nilidhani utaniponza. Waliokuwepo Unguja kwenye lile giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawaamini tena swichi. Umeshakatika mara nyingi katikati ya kuingiza, na kila mara PostgreSQL imeamka, ikajikagua, ikaendelea; kilichopotea ni mstari uliokuwa haujathibitishwa tu. Hata hivyo kila Alhamisi natoa nakala nzima kwenye flashi, naondoka nayo nyumbani mfukoni. Data zote za visima 212 ni ndogo kuliko video moja ya harusi.

Nyota 4 kwa 5. Kwa mgodi wenye maabara na mashimo maelfu, wanunue ile mikubwa. Kwa kampuni kama yetu, siioni sababu ya kulipa.

JAN-4, kama kuna anayetaka kujua, kimerudi kwenye jina lake. Safari hii nimeandika herufi 4, JANG-04, na dirila kaniuliza kwa nini sikufanya hivyo tangu mwanzo.