VLC: ile setingi ya Hardware-accelerated decoding msiipuuze jamani

Naipa nyota nne na nusu. VLC nimeitumia miaka, unabonyeza video inacheza basi, setingi zake sikuwahi kuzigusa. Juzi nikapata video za 4K za H.265 (namna ya kubana video), laptopu ikaanza kuhema, feni inavuma kama mashine ya kusaga, sauti imeshapita midomo ndo inafunguka, prosesa iko asilimia 95 na hapo sijafungua kitu kingine.

Nikabonyeza Ctrl na P, nikaingia Input / Codecs, nakuta Hardware-accelerated decoding imewekwa Disable, nadhani niliizima mwenyewe zamani. Yaani prosesa inabeba mzigo wote peke yake wakati kadi ya grafiki ina sehemu yake maalum ya kazi hiyohiyo ya kufungua video iliyobanwa na imekaa tu. Nikaweka Automatic, Save, nikaifunga video nikaifungua upya. Prosesa ikashuka mpaka 12 hivi, feni kimya. Nikafungua Task Manager upande wa GPU nikawa naangalia ule mstari wa Video Decode unavyopanda, aisee nilifurahi sana.

Halafu kuna video moja ikaanza kutoa vibox vya kijani kila picha ikibadilika ghafla. Nikaitoa Automatic nikaweka DXVA 2.0 (njia nyingine ya kuitumia kadi ya grafiki, iko kwenye orodha hiyohiyo), vikaisha. Baadaye nikaapdeti draiva ya grafiki (programu inayoiendesha hiyo kadi), nikajaribu Direct3D11, chaguo jingine la orodha ileile, nayo ikakubali, kumbe shida ilikuwa draiva. Ukitaka uhakika bonyeza Ctrl na J uende Statistics, angalia namba ya fremu zilizopotea, ikiwa inapanda huku unaangalia ujue bado mashine inazidiwa.

Nusu nyota nimeibana kwa sababu kila ukibadilisha lazima usimamishe video uanze tena, wakati mpv, pleya nyingine ya video, unabonyeza Ctrl na H tu video ikiwa inaendelea na unaona tofauti palepale, kwa kulinganisha hiyo ni tamu zaidi.

Na usitegemee setingi ikupe kitu ambacho chipu haina. Yangu ni Intel kizazi cha 7, H.265 hata ya bit 10 inaimudu vizuri, ila AV1 (namna nyingine ya kubana video, mpya zaidi) haiijui kabisa, Intel wameanza kuiweka kizazi cha 11, kwa hiyo video za AV1 nazichukua za 1080p, hizo prosesa inaziweza yenyewe bila shida.