Nzi Lamu: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Wengi wakifika dukani hukimbilia mkebe wa dawa ya kupuliza. Hapa umewekwa nafasi ya tano. Nzi huokota amiba na giadia, vijidudu vya kuharisha, kwenye kinyesi kwa miguu na mdomo, kisha huzitema na kuzinyea juu ya chakula, nazo huambukiza tangu zinapotoka tumboni mwa mgonjwa. Mayai ya mchango ni tofauti: hukaa udongoni wiki mbili au zaidi kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo pesa zianzie chooni, zifuate jikoni.

Punda hulaumiwa kupita kiasi. Mavi yao ni kitalu cha nzi, na yasipozolewa kila siku tatu funza hukua, lakini amiba hutoka kwa binadamu. Poti ya mtoto isiyo na mfuniko ina hatari zaidi kuliko zizi.

1. Wavu wa bomba la hewa la choo cha shimo. Nzi aliye shimoni hufuata mwanga. Choo kikiwa na giza hupanda bomba, hukwama kwenye wavu na kufa humo. Ukiacha mlango wazi hutokea mlangoni. Nunua wavu wa faibagilasi wenye matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5. Wa chuma cha kawaida usiuguse: mvuke wa shimo huula kwa ndani na chumvi ya bahari kwa nje. Bomba liwe la inchi 4 au zaidi, lipite paa kwa sentimita 50. Kata kipande cha sentimita 25 kwa 25, kifunike mdomo wa bomba, ukaze kwa waya wa shaba. Mwaga ndoo ya maji bombani mara kwa mara, maana utando wa buibui huziba hewa. Choo cha kumwaga maji chenye kizibo cha maji hakihitaji wavu, ila bomba la tangi lake linahitaji.

2. Kawa ya kufunikia chakula. Ya ukili uliosukwa kwa kubana inatosha nyumba nzima. Kabla ya kulipa, iweke juu ya meza iliyo sawa: ukingo ukicheza, nzi atapita chini. Ikilowa ianike, isije ikaota ukungu. Kwa samaki wa kuanika, tengeneza fremu ya mbao yenye wavu ulioinuka sentimita 10 juu ya samaki. Wavu ukigusa samaki, nzi hutaga kupitia matundu.

3. Mtego wa chupa. Huu usinunue, tengeneza. Kata theluthi ya juu ya chupa ya lita moja na nusu, igeuze mdomo chini ndani ya sehemu iliyobaki, weka kichwa cha samaki, maji glasi moja na tone la sabuni. Ukitundikwa mlangoni huita nzi wa mtaa mzima, basi uweke mita 5 au zaidi kutoka jikoni. Umwage na kuzika uchafu wake kila siku ya nne. Kwenye joto hili yai huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10, na maji yakikauka chambo huwa chakula cha funza.

4. Taa ya kunasa nzi. Ni ya mkahawa, si ya nyumbani. Chagua ya gundi. Ya umeme humpasua nzi na kutawanya vipande vyake. Isitundikwe juu ya meza. Badilisha globu kila mwaka hata kama bado inawaka buluu, kwani miale inayomvuta nzi huisha mapema.

5. Dawa ya kupuliza. Nzi ni hodari wa kuzoea dawa; walishaanza kuishinda DDT, dawa ya zamani ya wadudu, miaka ya 1940. Tena pemethrini, sumu iliyomo kwenye dawa nyingi za kupuliza, inaweza kuua paka, na Lamu bila paka ni panya tu. Ukilazimika, toa chakula na maji kwanza.

Vile vya kuchomeka ukutani, vinavyodai kufukuza nzi kwa sauti isiyosikika, viache rafuni.