Malkia wa ogani kawekwa kwenye rafu ya mumewe, sijapenda kabisa

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe. Hapa Philadelphia ninapoishi kuna duka la santuri za mtumba, jina silitaji, watu wanalisifia sana na mimi mwenyewe nimeshaacha hela pale mara nyingi tu. Juzijuzi nikaingia namtafuta Shirley Scott, mpiga ogani wa jazz. Nauliza rafu yake iko wapi, kaka wa kaunta hata macho hajayatoa kwenye simu, ananijibu, "Angalia kwa Stanley Turrentine, si alikuwa mkewe."

Yaani! Huu ndio mji aliozaliwa huyu mama mwaka 1934, kasomea piano na tarumbeta hapahapa, kapiga na mpiga saksafoni John Coltrane kabla dunia haijamjua Coltrane, uzeeni kafundisha chuo cha Cheyney hapo nje ya mji, halafu unanitajia mume, eti kwa kuwa naye kapiga saksafoni. Kabla ya hiyo ndoa alishatamba na mpiga saksafoni Eddie "Lockjaw" Davis, wimbo wao In the Kitchen wa 1958 ulishampa jina, na ndoa yenyewe ilivunjika 1971 yeye akaendelea kupiga.

Nikamweleza kwa upole kabisa. Akachomoa Dearly Beloved ya Turrentine ya mwaka 1961 akaninyooshea, ona, hata jina lake hawakuandika, wameweka Little Miss Cott, angekuwa mkubwa wangemficha? Akacheka. Alinicheka mbele ya wateja, na hicho ndicho hakijanitoka mpaka leo.

Maana jina lilifichwa kwa sababu ya mkataba bwana! Shirley alikuwa wa kampuni ya santuri ya Prestige, santuri ile ni ya Blue Note, kampuni nyingine, basi. Na mwaka huohuo kwenye Hip Soul, santuri ya Shirley mwenyewe kule Prestige, aliyejificha ni mume, kaandikwa Stan Turner. Sasa na yeye tumhamishie kwa mkewe? Nikamuuliza hivyohivyo, akaniambia "mi nauza tu."

Unauza kitu usichokisikiliza. Hiyo Dearly Beloved aliyonishikisha wamo watatu tu, saksafoni, ogani na ngoma, mpiga besi hayupo, sasa besi anaipiga nani kama sio huyohuyo Little Miss Cott? Mimi nimepiga kinanda kanisani miaka mingi, najua mkono wa kulia ukisema lake na wa kushoto lake kichwa kinavyochemka, ukiongeza na besi ndo kabisa, na yeye anayafanya yote hayo na bado saksafoni inapata nafasi ya kupumua, hamfuniki mtu, ile ogani yake ya Hammond inaongea kama mtu anayekusimulia kitu jikoni. Wamemwita Malkia wa Ogani, Queen of the Organ, ndilo jina la santuri aliyorekodi mbele ya watu kule Newark mwaka 1964, halafu malkia hana hata kakibao kake dukani kwenye mji wake.

Ila haki isemwe. Dukani hapohapo, kwenye boksi la CD za bei ya kutupa, niliikuta Blues Everywhere yake, iliyorekodiwa klabu ya Birdland, New York, 1991, humo kaacha ogani anapiga piano, na Arthur Harper kwenye besi na Mickey Roker kwenye ngoma. Nimeisikiliza kwenye basi machozi yakanitoka. Kwenye ogani ukibonyeza kii sauti inakaa mpaka uachie mwenyewe, kwenye piano inaanza kufa papo hapo, na huyu mama baada ya miaka thelathini na kitu ya ogani anaziacha noti zife taratibu, haharakishi, haogopi kimya. Nilivyoshuka kwenye basi nikasema hawa, badala ya nyota moja niliyotaka kuwapa, nawapa tatu, bila wao nisingeipata, na labda yule kaka alikuwa na siku mbaya.

Jana nimepita tena. Wameletewa Hip Soul, kava safi kabisa, jina la Shirley Scott limeandikwa pale mbele kila mtu analiona. Iko wapi? Kwa Turrentine, tena nyuma kabisa.

Nimerudi kwenye nyota moja. Na Hip Soul nimeinunua, bei yao ileile waliyotaka, maana nisingeweza kumwacha pale.