Kamera ya kwanza kwa anayejifunza kupiga picha: ipi ununue?

Ukiingia dukani, muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi. Mimi ningekuuliza utapiga picha wapi. Harusi zetu nyingi ni za ukumbini usiku, na watoto hupigwa picha sebuleni chini ya taa moja. Hapo ndipo lenzi ya 18-55 (zumu ya milimita 18 hadi 55) inayokuja na boksi inapomkatisha tamaa mwanafunzi. Kwa hiyo kamera nimezipanga nikitazama lenzi kwanza, kamera yenyewe baadaye.

Ya kwanza kwangu ni Canon 700D iliyotumika, ikiwa na lenzi ya 50mm f/1.8 STM. Ni kamera ya mwaka 2013, lakini megapikseli zake 18 zinatosha kuchapa picha ya ukubwa wa A3. Uzuri wenyewe uko kwenye lenzi. Ile ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hii ya 50mm inafunguka hadi f/1.8, na mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Picha iliyotaka shata (pazia la kamera) ifunguke kwa 1/15 ya sekunde, ambayo bibi harusi akigeuka kidogo tu uso unatoka na ukungu, sasa unaipiga kwa 1/125 na kope zinahesabika. Tena haina zumu, hivyo ukitaka kumkaribia mtu unatembea, na kutembea huko kunakufundisha kupanga picha kuliko somo lolote. Kasoro yake ni kwamba kwenye sensa ya 700D, yaani kipande kinachopokea picha, inabana kama lenzi ya 80mm: eneo linaloingia kwenye picha ni dogo. Chumba kikiwa kidogo utajikuta mgongo uko ukutani. Basi 18-55 usiiuze.

Ya pili ni Nikon D3500 ya mwaka 2018, megapikseli 24. Kwa vipimo vya kiwandani, chaji moja hufikisha picha 1,550, na anayeishi penye umeme wa kukatikakatika anajua thamani ya hilo. Angalizo: ndani haina mota ya fokasi, yaani ya kuisogeza lenzi hadi picha iwe kali. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF tupu utazizungusha kwa mkono, kwa hiyo tafuta AF-S au AF-P.

Canon 2000D mpya naiweka ya tatu, ingawa madukani ndiyo husifiwa zaidi. Pale juu pa kuchomekea flashi, pini ya katikati imeondolewa. Flashi za bei nafuu na vifaa vya kuwasha taa za studio hutegemea pini hiyo. Ukiwa na ndoto ya kupiga harusi kwa malipo, utalazimika kununua kamera nyingine mapema.

Simu uliyonayo ni ya nne, na kama fedha bado, anza nayo leo. Sehemu ya "Pro" itakufundisha ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) na shata. Tundu la lenzi hutajifunza, kwa kuwa kwenye simu nyingi halibadiliki.

Kamera zisizo na jina zilizoandikwa 4K kwa herufi kubwa, achana nazo kabisa.

Sasa ukaguzi wa iliyotumika, maana hapa ndipo watu wanapolia. Toa lenzi, mulika tochi ya simu kwa nyuma, tazama kwa mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Unyevu wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Tanga na Unguja, unaipenda sana. Usiichukue hata ukipunguziwa nusu ya bei. Kisha piga ukuta mweupe kwa f/22: madoa meusi yakitokea, sensa ina vumbi. Vumbi husafishwa, lakini doa lisilotoka baada ya kusafishwa ni mkwaruzo. Nikon huandika ndani ya picha yenyewe shata imefunguka mara ngapi, na shata ya kamera za daraja hili hukadiriwa kudumu takriban mara 100,000. Canon haiandiki, kwa hiyo kagua raba za mshikio na vitufe vilivyosagika. Nenda na memori kadi yako mwenyewe, na picha hizo uzifungue kwenye kompyuta kabla hujatoa hela.