Uzoefu wangu: opera ya lile giza la Unguja, muziki mzuri ila kumtunza muimbaji pesa wametukatalia

Basi mie nimekwenda kutizama ile opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) iliyokuwa inazungumzwa sana kwenye magrupu, ile ya kikundi kidogo cha vijana wa hapa hapa Unguja wanaofanya muziki wa kujaribujaribu, taarab wanaichanganya na maigizo na video na makelele ya mashine, na kwa vile watu wengi wameniuliza inboksi "vipi, inafaa?" nimeona niandike mara moja yaishe. Jina la kikundi naliacha makusudi, mji wenyewe huu mdogo na nina malalamiko, wanaowajua washawajua. Nyota nawapa nne kati ya tano. Ile moja waliyoikosa nitaieleza kwa urefu mana ndo inayoniuma.

Kwanza mjue hawa si kampuni ya biashara. Ni asasi isiyo ya faida, yani pesa ikibaki haigawiwi, inaingia kwenye kazi inayofuata, na kwa nilivyosikia haibaki. Wapigaji wenyewe wamesoma muziki wakasomeka, hilo huhitaji kuambiwa, ukikaa dakika tano tu unajua. Mji huu tangu 2002 una chuo cha muziki cha DCMA, kwa hivyo kijana wa sasa anaejua maqamu (mipangilio ya sauti ya Kiarabu) na anaejua kusoma noti za kizungu si kitu cha ajabu tena, ajabu ni anataka kuzifanyia nini.

Kisa chenyewe ni lile giza. Waliokuwepo Unguja hawahitaji kuelezwa, Disemba 2009 umeme ulikatika kisiwa kizima na haukurudi mpaka Machi 2010, miezi mitatu mizima. Mie asili yangu Wete, na Pemba wakati ule tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha, waya wa kutoka Tanga ulikuwa bado haujafika (ulikuja baadae mwaka ule ule wa 2010), basi Mpemba ana taa, japo ya kusuasua, na mtu wa mjini hana, na tulisema weeee. Lakini shangazi yangu alikuwa Jang'ombe wakati huo na kwake yeye halikuwa jambo la kuchekea, mana umeme ukikatika na pampu za maji zinalala, kwa hivyo giza ndani na ndoo kichwani. Huyo shangazi ndie niliekwenda nae. Mtu wa taarab tangu usichana wake, ukimtajia nyimbo anakwambia aliimba nani na yeye siku hiyo alivaa nini.

Sasa usitegemee bwana na bibi wanaopendana halafu mmoja anakufa. Hapa anaeimba ni waya. Ndio, yule dada ni ule waya wa chini ya bahari uliolazwa 1980, unaotoka Ras Kiromoni upande wa bara ukaja kuibukia Fumba, na anaimba vipi alivyochoka kubeba mji mzima peke yake huku mji wenyewe kila mwaka unaongeza majokofu na mahoteli. Halafu hapo Fumba, pwani, waya unakutana na msichana anabeba vyungu kwenda kuviuza mjini. Hawakumtaja jina na wala hawakuhitaji, ukumbi mzima ulishajua ni Siti binti Saad, yule muimbaji wetu mkubwa wa taarab, mana Fumba ndiko alikozaliwa, miaka ya 1880 huko, na vyungu aliuza kweli kabla hajawa Siti. Mie umri wote huu naijua Fumba ya waya na naijua Fumba ya Siti na sijawahi hata siku moja kuziweka pamoja. Wakaimba wawili wale, mmoja chini anakoroma mmoja juu, na nyuma yao hamna kitu isipokuwa fidla moja. Shangazi aliacha kutafuna kashata yake.

Upande wa sauti hapa nitawasifu bila kubania. Wameanza na mpiga kanuni anatia sawa nyuzi zake, na nyie mnajua kanuni ina nyuzi sabini na kitu, watu wakadhani bado hawajaanza wakawa wanazungumza zao, kumbe ndo washaanza. Nyuma yake kuna mngurumo wa jenereta, umerekodiwa, unatoka kwenye spika mdogomdogo, na yule bwana anakuwa anaufuata. Baadae kwenye mazungumzo akaeleza kwamba umeme wetu ni hezi 50, kwa hivyo mashine inanguruma pale pale karibu na noti ya G lakini si G yenyewe, imepanda kidogo, kwenye piano huipati hata ufanyeje, ila kanuni ina vile vidude vidogo vya kupandisha na kushusha uzi, akavisogeza mpaka sauti yake ikaingia ndani ya jenereta ikapotea. Ile nukta ulikuwa hujui tena kipi mashine kipi uzi. Ngoma ya dumbak nayo ikaacha kupigwa kwenye ngozi ikahamia kwenye madumu ya maji, dumu tupu, dumu nusu, dumu lilojaa, kila moja na mlio wake, na aliekaa na madumu miezi mitatu ile nadhani alizitambua sauti zake zote.

Kuna bwana mmoja nyuma yetu alikuwa analalamika chini chini eti "wanaharibu taarab". Sikugeuka lakini nilitaka. Taarab ipi hiyo haijaharibiwa? Kanuni yenyewe ililetwa, Sultani Seyyid Barghash ndie aliempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze, fidla imetoka Ulaya, tashkota (kile chombo cha nyuzi na vibonye) imetoka Japani, na huyo Siti tunaemuapia leo aliikuta taarab ya wakubwa inaimbwa Kiarabu yeye akaimba Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay akairekodi. Kama si kujaribu hiko ni kitu gani.

Haya, sasa nyota yangu ya tano.

Katikati kuna pahala yule dada anaimba kuhusu jirani mwenye jenereta alietia pazia zito dirishani ili mwanga wake usimfikie jirani mwenziwe. Ubeti mzuri, fumbo lina miba. Shangazi alivyousikia nikamuona anafungua pochi. Akatoa elfu kumi, akaikunja kwa urefu baina ya vidole viwili, akatengeneza buibui lake, akainuka, mkono juu, anakwenda kwa maringo yake taratibu bila haraka kama inavyotakiwa, na mimi najua kabisa ule ubeti unakwenda kwa nani pale Jang'ombe, na yeye alitaka ulimwengu uone kwamba maneno yale ni yake. Hajafika hata safu ya tatu akatokea kijana na tochi na kitu sikioni, "Bibi samahani, naomba ukae, wanarekodi."

"Wanarekodi nini? Namtunza mwanangu."

"Bibi, kwenye opera hawatunzi."

Kijana adabu anayo, sitamsingizia, alimshika mkono vizuri akamrejesha. Lakini shangazi alikaa na noti yake mkononi mpaka mwisho, wala hakuirejesha kwenye pochi, na wakina mama wengine watatu wanne niliowaona wanapapasa mikoba yao wote wakatulia tuli.

Hiyo sheria ya kukaa kimya kizani wameitoa wapi, mana hata huko ilikotoka opera haikuanza hivo. Italia ndiko ilikoanzia, kuelekea mwaka 1600, na kwa miaka mia mbili na zaidi watu walikuwa wanakula mle ndani, wanapiga soga, wanacheza karata kwenye vyumba vyao vya pembeni, wakisikia wimbo wanaoupenda wanaacha karata wanasikiliza. Mambo ya kuuzima ukumbi watu wakaganda yalishika hasa kwa Wagner, mtunzi wa opera, alipofungua ukumbi wake Bayreuth kule Ujerumani 1876. Na hawa wa opera ya kujaribujaribu, ambao vijana wetu wanasema ndio wanaowafuata, wao ndio wa mwanzo kuivunja! Mtunzi Philip Glass na muongozaji Robert Wilson mwaka 1976 walitoa opera ya Einstein on the Beach, karibu saa tano bila ya mapumziko, mtu ana ruhusa atoke arudi anavotaka. Marekani kule Los Angeles kuna asasi kama hii yao inaitwa The Industry, 2013 waliiweka opera ndani ya stesheni ya treni, watazamaji wamevaa hedifoni wanatembea baina ya abiria, 2015 wakaipandisha kwenye magari yakawa yanazunguka mji. Yani wenzenu wanahangaika na mapesa yote yale kumuinua mtu kwenye kiti, sie mtu anainuka mwenyewe, kwa hiari yake, na pesa mkononi, nyie mnamkalisha.

Na pesa ndo naitaka niisemee. Baada ya onesho kulikuwa na mazungumzo, kiongozi wao akaeleza hali, wafadhili wamepungua, ruzuku ikija inakuja na masharti, tiketi hailipi hata nusu ya gharama. Namuamini, hata majumba makubwa ya opera New York huko tiketi peke yake haiwatoshi, wanaishi kwa wachangiaji. Ila yakhe, umesimama unasema huna pesa na elfu kumi ya shangazi yangu iko hapo hapo mbele yako imekunjwa vizuri inangoja! Vikundi vya taarab vya hapa, Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, hao hawakuanza kwa kuandika maombi ya mradi, ni klabu, ina wenyewe, na mwenyewe anajiona mwenyewe kwa sababu siku ya onesho anainuka anatoa. Shangazi anasema enzi zao pesa ya kutunza ilikuwa haiingii mfukoni mwa muimbaji, inakwenda kwenye mfuko wa kikundi. Niliuliza swali hili pale pale. Mmoja wao, kijana wa fidla, akajibu kwamba watu wakipanda jukwaani maiki zinaokota mavishindo yote na rekodi ndo wanayoipeleka kwa wafadhili. Sawa, nimefahamu, ina mantiki. Basi siku moja rekodini, siku nyengine tuachieni. Au wekeni sinia chini pembeni mwa jukwaa mbali na maiki, mtu akenda akatia akarudi, na hayo maringo ya kwenda na kurudi muyatie ndani ya mchezo, si nyie wenyewe mmetia jenereta, mtashindwaje kumtia shangazi.

Mengine ni madogomadogo. Tiketi ya mkaazi rahisi, unalipa kwa simu, hamna usumbufu, ila kitambulisho wanauliza kweli kwa hivyo nenda nacho. Wamesema saa mbili usiku, wakaanza saa tatu kasoro, haya hilo tumezoea. Ukumbi ni nyumba ya zamani ndani ya Mji Mkongwe, ngazi zake za mbao ni refu na zimesimama wima, mwenye magoti mabovu akae akijua, na juu kule joto, feni zilizimwa kwa ajili ya sauti. Viti vya plastiki. Choo kisafi, maashallah. Maneno ya nyimbo walikuwa wanayarusha ukutani kwa projekta, Kiingereza kikubwa juu, Kiswahili kidogo chini tena kinafichwa na kichwa cha mpiga chelo, na ukumbi robo tatu ni Waswahili, hilo nalo walitizame. Kuna pahala pia karibu na mwisho video ya nyaya na mawimbi inajirudia inajirudia mpaka watu wakaanza kutizama simu zao, mie ningekata nusu yake.

Kwa anaeuliza kama unaweza kwenda na watoto, wakubwa ndio, wadogo hapana, kuna kama dakika nne hivi taa zote zinazimwa kabisa mpaka zile za mlango na kinachosikika ni jenereta peke yake, mtoto mmoja alipiga ukelele akatolewa nje.

Wamesema wakipata nauli na pa kulala wapigaji wanataka kuivusha Pemba. Waje, mimi mwenyewe nishamwambia yule kiongozi ntawatafutia nyumba Wete na chakula kitapikwa nyumbani kwetu. Ila yule kijana wa tochi nimemwambia mapema, wakina mama wa kule si kama shangazi, wao hawarudi kitini.