Mapango ya barafu ya Vatnajökull: unacholipia hasa, na lini uende

Ziara ya mapango ya barafu katika Hifadhi ya Taifa ya Vatnajökull, kusini-mashariki mwa Iceland, naipa alama za juu kabisa kwa masharti mawili: uende wakati wa baridi, na uende na kampuni isiyoona haya kuahirisha safari. Ukikosa hayo mawili, fedha yako umeitupa, na huenda ukajiweka hatarini bure.

Vatnajökull ni barafuto (bonge la barafu ya kudumu linalosogea polepole) kubwa kuliko zote nchini humo, imefunika takriban asilimia 8 ya Iceland. Ndimi zake hushuka milimani hadi karibu na usawa wa bahari, na unaotembelewa zaidi ni ulimi wa Breiðamerkurjökull, unaoishia kwenye ziwa la Jökulsárlón. Majira ya joto, maji ya barafu iliyoyeyuka huporomokea kwenye mashimo yaliyo wima, yakafika chini na kujichimbia mifereji. Baridi ikiingia maji hupungua, mfereji hubaki wazi, na hilo ndilo pango. Lakini barafu haitulii, inasogea muda wote. Pango la mwaka huu mwakani litakuwa limebomoka, limezibika au limejaa maji, na waongoza wageni huanza kusaka mengine kila vuli. Kwa hiyo usinunue ziara kwa picha ya tangazo, kwani pango lile huenda halipo tena. Kabla ya kulipa, uliza wiki hii wanaingia pango lipi, mnatembea dakika ngapi kutoka kwenye gari, na kundi lina watu wangapi. Kampuni inayoijua kazi yake itakujibu papo hapo. Inayokuzungusha, achana nayo.

Msimu wa uhakika ni Novemba hadi Machi. Agosti 2024 barafu iliporomoka hapohapo Breiðamerkurjökull, ikamuua mtalii aliyekuwa kwenye ziara. Joto hulegeza dari na kingo, huku maji yakila kuta kwa chini, na hakuna helmeti inayozuia bonge la barafu lenye uzito wa tani. Hata katikati ya msimu, mvua kubwa ya siku moja inaweza kujaza pango. Mwongoza wageni anayesimama mlangoni, akasikiliza maji, akatazama nyufa za darini kisha akasema leo hatuingii, huyo ndiye uliyemlipia. Usimbishie.

Mimi napendekeza Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa 5 asubuhi na kuzama mnamo saa 9 na nusu alasiri, hivyo ziara ya asubuhi na mapema hukukuta gizani, na pango bila mwanga wa nje ni ukuta mweusi tu. Rangi ya buluu hutokana na mwanga unaopenya barafu nene iliyogandamizwa mpaka viputo vya hewa vikatoka: barafu hunyonya wekundu wa mwanga, buluu ikabaki. Penye viputo vingi huona weupe. Sogeza uso karibu na ukuta. Utaona vibonyeo laini vya ukubwa wa kiganja, vimechongwa na maji yaliyokuwa yakipita kwa kasi, na kati yake michirizi myeusi ya majivu ya volkano yaliyoanguka zamani juu ya theluji na kufukiwa. Wengi hupiga picha ya dari wakaondoka bila kuiona michirizi hiyo, na kwangu ndiyo kitu kizuri kuliko vyote mle ndani.

Sasa viatu, maana hapa ndipo watu wengi huharibikiwa. Kampuni hukupa helmeti na kramponi, yaani fremu za chuma zenye meno zinazofungwa chini ya kiatu. Kiatu chako kifunike kifundo cha mguu na kiwe na soli ngumu. Ukivaa raba, fremu hucheza, mkanda hulegea njiani, na mguu huchomoka mahali pabaya. Vifungo vikae upande wa nje wa mguu, kwa sababu vikikaa ndani, meno ya mguu wa pili huvinasa. Ncha ya mkanda inayobaki ichomeke, isining'inie. Suruali pana ikaze chini. Tembea miguu ikiwa imeachana kidogo, ukanyage kwa wayo mzima ili meno yote yaume barafu. Ukikanyaga kwa vidole kama unavyopanda mawe, ni meno mawili tu yatakayoshika. Ukishatembea dakika tano, simama ukaze upya, hata kama kiongozi hajasema.

Aliyepanda Kilimanjaro anayo karibu mavazi yote: nguo ya ndani ya sufu, sweta la manyoya, koti na suruali visivyopitisha maji, glovu jozi mbili. Tofauti ni kwamba hapa hakuna shida ya hewa kupungua, kwani uko karibu na usawa wa bahari. Adui ni unyevu na upepo. Jinzi usivae kabisa. Ikilowa, hukuganda mwilini. Helmeti huvaliwa juu ya kofia nyembamba, na kofia nene huifanya ikae upogo. Betri ya simu au kamera iweke mfuko wa ndani, maana baridi huimaliza haraka, na beba kitambaa kikavu kwa ajili ya matone ya darini. Choo malizia kwenye maegesho, kwani kule mbele hakuna.

Ziara ya kawaida huchukua muda wa saa tatu hivi: gari kubwa la magurudumu mapana hukubeba kwenye njia ya mawe, kisha mnatembea. Andaa zaidi ya krona 20,000 za Iceland kwa kila mtu. Zipo pia ziara ndefu za kutembea nusu siku au zaidi, zinazofika mapango ya mbali. Kama magoti yako ni mazima, lipia hiyo. Pango la karibu husongamana saa za mchana, na hupewi muda wa kutosha kusimama mahali pamoja.

Kutoka Reykjavík hadi Jökulsárlón ni kama kilomita 370 kwa barabara namba 1. Usijaribu kwenda na kurudi siku moja wakati wa baridi. Lala mji wa Höfn, mashariki ya ziwa, au karibu na eneo la Skaftafell, magharibi yake, kata nafasi ya ziara siku ya kwanza, uache ya pili wazi, ili ikiahirishwa uwe na pa kuisogeza. Hali ya barabara itazame umferdin.is, na hali ya hewa vedur.is. Egesha gari pua ikielekea upepo na ushike mlango kwa mkono unapoufungua. Bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi mlango uliong'olewa na upepo, wala rangi iliyochubuliwa na mchanga. Jaza mafuta Kirkjubæjarklaustur ukitokea magharibi, au Höfn ukitokea mashariki. Wasafiri wa pasipoti ya Tanzania au Kenya wanahitaji viza ya Schengen.

Ukitoka pangoni, usikimbilie hotelini. Ziwa la Jökulsárlón lilianza kujitokeza miaka ya 1930 barafu iliporudi nyuma, na sasa kina chake kinapita mita 200. Vipande vya barafu hutoka ziwani, vikapita chini ya daraja na kutupwa ufukweni ng'ambo ya barabara. Nenda maji yakipwa, ndipo huachwa vingi mchangani. Usipande juu ya kipande kilicho karibu na maji, kwani wimbi moja hukiinua na kukigeuza.

Magharibi zaidi, tambarare ya mchanga mweusi ya Skeiðarársandur ndiyo inayoonyesha nguvu ya barafuto hii. Mwaka 1996 volkano ililipuka chini ya barafu, na mafuriko yakasomba daraja la barabara kuu. Vyuma vyake vilivyopindwa vimeachwa kando ya barabara, si mbali na Skaftafell. Hapo Skaftafell kuna njia ya kwenda maporomoko ya Svartifoss, yaliyozungukwa na nguzo za mawe meusi. Kipupwe njia hiyo hufunikwa na barafu ngumu, na kramponi za kampuni unakuwa umesharudisha, kwa hiyo njoo na zako ndogo za kuvuta juu ya kiatu.