Gobore la Kujiundia: Mtutu wa Kuaminika, Mbao ya Kuvumiliwa

Ndani ya kisanduku cha seti hii ya kujiundia gobore mna mtutu wa pembe nane wa kaliba ya .50 (tundu lenye upana wa nusu inchi), mbao iliyokwisha kuchongwa kwa mashine, mtambo wa gumegume (unaowasha baruti kwa cheche za jiwe) uliounganishwa tayari, vipambo vya shaba, mdeki (ufito wa kushindilia risasi) na kifuko cha skrubu. Bunduki inayokusudiwa ni ile ndefu ya Pennsylvania, Marekani, ambayo katika karne ya 18 mafundi wenye asili ya Kijerumani waliiendeleza kutoka bunduki fupi za wawindaji wa kwao. Mtengenezaji ameandika kwamba bisibisi na msasa vinatosha kuimaliza. Havitoshi, mimi nilihitaji pia patasi nyembamba, tupa tatu, jiliwa na majuma sita ya jioni.

Mtutu ndio uliobeba thamani ya seti hii. Mifuo yake ya ndani, inayoizungusha risasi, ni safi, kizibo cha nyuma kimekazwa kiwandani (nacho kiachwe hapo hapo), na alama za mashine zilizobaki juu ya pembe zake huondoka kwa tupa inayovutwa kwa mikono miwili. Mtambo nao ni mwepesi wa cheche: jiwe likiisha kubanwa vizuri ndani ya kipande cha ngozi, huwasha baruti ya kwenye kisahani kilicho ubavuni mwa mtutu bila kusitasita.

Kwa upande wa mbao nina malalamiko. Gobore la asili la aina hii lilichongwa katika ubao mmoja wa mti wa mepo (maple) wenye nyuzi za mawimbi. Hapa tumepewa mbao ya mti wa bichi (beech) isiyo na mawimbi yoyote, tena katika vipande viwili vinavyokutana kwenye ukanda wa shaba, bila shaka ili kisanduku kiwe kifupi. Nafasi ya mtambo ilichimbwa kwa kina pungufu, hata bamba lake likabaki limeinuka upande mmoja. Dawa ya kasoro hiyo ni ya zamani: unapaka bamba masizi ya taa, unalikandamiza mahali pake, unalitoa, kisha unakwangua pale tu palipoachwa weusi. Nilirudia hivyo mara nyingi kuliko nilivyohesabu, na nakiri kwamba hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi yenyewe.

Msasa upigwe shaba ikiwa imefungwa kwenye mbao, la sivyo kingo za mbao zitaviringika na kuacha mwanya usiozibika. Kabla ya rangi, niliilowesha mbao kidogo ili nyuzi zisimame, nikaiacha ikauke, nikazikata kwa msasa wa namba 320. Maelekezo yanashauri vanishi ya kung'aa. Niliyapuuza, nikapaka mafuta ya kitani katika matabaka membamba, kwa sababu mng'ao wa vanishi huifanya bunduki ya sura ya kale ifanane na kiti cha sebuleni. Chuma nilikipa rangi ya kahawia kwa kukitia kutu makusudi: nilikisafisha grisi yote, nikaziba mdomo wa mtutu na tundu la moto (lile linalopitisha mwako kutoka kisahani hadi ndani), nikapaka dawa ya kutia kutu, nikasugua kutu iliyolegea kila siku hadi rangi ikakolea, kisha nikaizima kwa maji yenye soda ya kuokea na kupaka mafuta.

Mnunuzi aijue kwanza sheria ya mahali alipo. Sheria ya shirikisho ya Marekani huliweka gobore la baruti nyeusi katika fungu la silaha za kale, mradi haliwezi kutumia risasi za kisasa, lakini majimbo yana masharti yake, na katika nchi nyingine kibali hutakiwa. Baruti isiyo na moshi, yaani ile ya risasi za kisasa, isikaribie kabisa mtutu huu, hata kwa kipimo kidogo, kwa kuwa mgandamizo wake unaweza kuupasua.

Kwa anayeanza, ningeipendekeza seti hii kwa ajili ya mtutu na mtambo wake. Aliyekwisha kumaliza gobore moja atafute yenye ubao mmoja, kwani ule ukanda wa shaba hausahauliki kila bunduki inapoinuliwa begani.